Mjadala: Bakshishi ya Marekani, tuendelee kutoa au mwajiri alipe mwenyewe?

Wakuu, niko Texas, na siku hizi kioo cha kulipia kinanitisha kuliko trafiki. Unachukua chupa ya maji, umeitoa mwenyewe kwenye friji, ukifika kaunta unageuziwa kioo: asilimia 18, 20, 25. Kitufe cha kutotoa chochote kipo, ila kimebanwa chini kwa maandishi ya kusomwa na wenye miwani. Foleni nzima inatazama kidole chako. Mimi nimeshatoa asilimia 20 kwa mtu aliyekuwa anaongea na simu muda wote.

Msimamo wangu: ifutwe. Ule ni mshahara ambao tajiri kamtupia mteja. Sheria ya shirikisho inamruhusu amlipe mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, ilimradi bakshishi imfikishe dola 7.25, yaani kima cha chini kamili cha shirikisho; ikipungua, mwajiri anatakiwa afidie. Texas ndiyo tuko hapohapo kwenye 2.13. Majimbo saba, California na Minnesota yakiwemo, yamekataa mchezo huo: mhudumu anapata kima cha chini kamili kwanza. Na huko nako kioo kinageuzwa vilevile! Sasa hiyo ni ya nini?

Najua mtakachonijibu. Mwaka 2024 wapiga kura wa Massachusetts walikataa kuwapandishia wahudumu hadi kima kamili, na wahudumu wengi walikuwa upande huo wa kukataa. Danny Meyer wa New York alianza kufuta bakshishi kwenye migahawa yake 2015, akapandisha bei, 2020 akairudisha. Hata Trump na Harris, wagombea urais wa 2024 ambao hawakuelewana kwa lolote, waliahidi wote kuiondolea kodi.

Jirani yangu Mkenya anahudumu baa. Nilipomwambia haya akaniuliza, "Ukishafuta, kodi ya nyumba utanilipia wewe?" Jumamosi anarudi na noti mfuko umetuna. Jumatatu ya mvua hataki hata salamu, na hapo ndipo nashindwa kumwelewa, maana mwenye nyumba hajui mvua.

Mliowahi kubeba sahani nchi hii, semeni ukweli: ukipewa dola 20 kwa saa za uhakika, bila bakshishi hata senti, unasaini au unabaki na Jumamosi yako?