HomePod ama Sonos ya sebuleni, pesa yaenda wapi?

Mkaazi wa Tudor: Wazee nisaidieni, nataka spika moja nzuri isiyo na waya, mama watoto hataki tena yale mabokisi ya mbao sebuleni. HomePod ya Apple ya 2023 ilitoka kwa dola 299 huko Marekani, ikifika hapa bei ishapanda, sasa ni sauti kweli ama twalipia umbo tu?

Besi ya Pwani: Sauti ni kweli kabisa ndugu yangu, ndani mna tweeta 5 za sauti nyembamba na wufa moja ya besi, halafu yasikiliza chumba yenyewe na kujipanga kulingana na kuta, kwa kidude kidogo vile besi yake yashangaza. Lakini una iPhone? Kama watumia Android achana nayo, muziki haupiti kwa Bluetooth wala haina tundu la waya.

Fundi Kongowea: Hapo ndipo naudhika na wabunifu hawa, mtu atoa pesa yote hiyo kisha afungiwa mlango! Na ile ya 2018 iliacha duara jeupe kwenye meza za mbao zilizopakwa mafuta, Apple wenyewe walikubali. Chukua Sonos Era 100, ina Bluetooth, na waya waingia ukinunua adapta yake. Ila stima ikipotea zote mbili zanyamaza, hazina betri.

Mkaazi wa Tudor: Android mimi. HomePod basi tena. Na upepo wa chumvi je?

Fundi Kongowea: Usiiweke dirishani upande wa bahari, na uifute kwa kitambaa kikavu.