Mjadala: Kwaya za Dodoma ziendelee kuuza CD za sauti au zihamie kwenye flashi?

Mleta mada, Area C

Wakuu, hoja iko mezani. Kwaya na vikundi vya ngoma vya hapa Dodoma, kuanzia mjini hadi Mvumi, Kongwa na Mpwapwa, bado vinachoma CD vyenyewe na kuziuza baada ya ibada au kwenye matamasha. Lawama ni zile zile: CD inaimba vizuri kwenye laptop ya aliyeichoma, ikifika nyumbani kwa mnunuzi redio inadai haina CD ndani. Sasa wapo wanaotaka CD zifutwe kabisa, nyimbo ziuzwe kwenye flashi tu.

Msimamo wangu: CD inasingiziwa. Tatizo ni uchomaji. Kikundi kinachouza CD ya muziki kiuze CD ya sauti yenyewe, siyo sahani iliyojazwa MP3 ambayo nusu ya wanunuzi hawataweza kuisikiliza. Kuuza sahani ya MP3 bila kuandika hivyo kwenye kava ni kumwibia mteja.

Fundi redio, Majengo

Naunga mkono, na niseme kwa nini linatokea.

Redio ya kawaida haijui faili wala folda. Inatafuta sauti iliyopangwa kwa utaratibu ule ule wa Philips na Sony wa mwaka 1980: sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, stereo. Ukiburuta MP3 ukazimwaga kwenye CD, umetengeneza CD ya data. Deki ya DVD itaicheza kwa sababu ina uwezo wa kufungua MP3. Redio ya CD ya miaka ya nyuma itabaki kimya, na haijaharibika.

Kwa hiyo kwenye programu chagua "Audio CD". Brasero, K3b na CDBurnerXP zote zina chaguo hilo, na programu yenyewe itazigeuza faili zako. Hapo hesabu ni ya dakika, achana na megabaiti. CD ya MB 700 inabeba dakika 80 za sauti, basi. Nyimbo kumi na mbili za dakika sita zinaingia, kumi na nne hazitoshi.

La pili ndilo linaloua CD nyingi: haikufungwa ("finalize") baada ya kuchomwa. Kabla ya wimbo wa kwanza, upande wa ndani karibu na tundu, kuna orodha inayoiambia redio nyimbo ni ngapi na kila mmoja unaanzia wapi. Orodha hiyo huandikwa CD inapofungwa. Kama mchomaji ameacha nafasi ya "kuongeza nyimbo baadaye", haipo. Draivu ya kompyuta inajua pa kupata kumbukumbu za muda, redio haijui. Ndiyo maana kwako inacheza na kwa jirani haichezi. Na ukiongeza nyimbo awamu ya pili kama CD ya data, redio itaona awamu ya kwanza tu.

Chagua pia "Disc-at-Once", yaani leza iandike mfululizo mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ile ya kuchoma wimbo mmoja mmoja huacha ukimya wa sekunde mbili katikati, na kwenye baadhi ya redio husikika kama kitu kimekatika. Kwa mapambio yanayopokezana bila kupumua, hiyo ni kasoro kubwa.

Kijana wa stesheneri, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)

Fundi, heshima yako, nakubaliana na maelezo lakini siyo na hitimisho. Laptop mpya hazina sehemu ya CD. Mwenye kikundi inabidi anunue draivu ya nje, na zile zinakula umeme: mlango wa USB 2.0 hutoa nusu ampea, draivu ikichoma inaweza kutaka zaidi. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB inakata njiani, CD imekwenda na maji, maana CD-R, ile ya kuchoma mara moja, haifutiki. Lazima waya wa vichwa viwili, milango miwili ya laptop.

Halafu vumbi letu la kiangazi. Lenzi za redio zimechoka. Flashi haina lenzi. Bajaji, daladala, sabufa za nyumbani, zote zina tundu la flashi. Na hata ukibaki kwenye CD, sahani moja ya MP3 za kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) inabeba zaidi ya saa 12. Kwa nini mtu auziwe dakika 80?

Mwalimu wa kwaya, Kongwa

Kwa sababu albamu ni dakika 60, mwanangu. Hizo saa 12 utazijaza na nyimbo za nani? Ukijaza za kwaya nyingine bila ruhusa umeshaingia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wana haki ya kukuuliza.

Flashi nayo ina maradhi yake ambayo wauzaji hawayasemi. Nyingi za bei rahisi zimeandikwa GB 32 na ndani hazifiki. Nyimbo za mwisho zinaharibika bila kukuonya. Sabufa nyingi husoma flashi iliyoformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 tu, ukiiformati kwa exFAT haioni kitu. Na nyingi hucheza nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, siyo kwa majina. Unapanga ibada ianze na wimbo wa kuingia, inaanza na wa kufunga. Dawa ni kuzipa namba 01, 02, 03, kisha kunakili mmoja mmoja kwa mfuatano. Wangapi wanafanya hivyo?

Kuna suala la sauti pia, na hapa nasimama imara. Zeze ya Kigogo ina mkwaruzo wa upinde juu ya uzi. Huo mkwaruzo ndio uhai wake. Ngoma ya muheme ina mshindo unaoanza ghafla. MP3 ya kbps 64 au 96, ile inayozunguka WhatsApp, inafuta mkwaruzo na kuufanya mshindo uwe na ukungu mbele yake. Ukiichukua hiyo ukaichoma kama CD ya sauti, kilichopotea hakirudi. Vikundi vidai WAV, yaani faili za sauti isiyobanwa, kutoka studio, kHz 44.1 (zile sampuli 44,100) biti 16. Sauti iliyotolewa kwenye video mara nyingi ni kHz 48, igeuzwe kabla. Na kilele cha sauti kiachwe chini kidogo ya mwisho, desibeli moja inatosha, la sivyo spika ndogo zinapasua.

Mhifadhi wa kanda za kanisa, Mpwapwa

Nyongeza fupi. Watu wanalinda upande unaong'aa na kuutesa ule wa juu, wakati data iko juu, chini ya rangi nyembamba tu. Chini kuna plastiki ya milimita 1.2, inavumilia. Kwa hiyo msiandike kwa kalamu ya wino yenye ncha, tumieni makapeni laini. Stika ya karatasi ni mbaya zaidi: ikibandikwa upande kidogo CD inayumba ikizunguka, na kwenye joto gundi inaachia na kung'oa tabaka la juu.

Kufuta vumbi: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta sauti ndefu kwa mfululizo, redio haiwezi kuziba pengo. Na dashibodi ya gari saa nane mchana siyo kabati.

Kijana wa stesheneri

Mwalimu, la sauti nakubali. Lakini kikundi cha kijijini hakina WAV wala draivu. Wauze flashi, wawe na CD chache za wazee. Swali kwa fundi: nikichoma kwenye CD-RW ili nikikosea nifute, kuna ubaya gani? Na spidi?

Fundi redio, Majengo

CD-RW usiuze. CD-R hurudisha karibu asilimia 65 ya mwanga wa leza, CD-RW ni 15 hadi 25. Redio za zamani hazikutengenezwa kuona mwanga hafifu hivyo.

Spidi: kati ya 16x na 24x, yaani mara 16 hadi 24 ya kasi ya kusikiliza. Kwa 16x CD iliyojaa inachukua kama dakika sita. 52x huongeza makosa, hasa kingoni, kwa hiyo nyimbo za mwisho ndizo zinaanza kuruka. Kushuka hadi 4x hakusaidii, CD za sasa zimetengenezwa kwa kasi kubwa na draivu nyingi hazishuki huko. Betri ya laptop ijae kabla ya kuanza, zima usingizi wa kompyuta, umeme ukikatika kazi iendelee.

Choma moja kwanza. Ijaribu kwenye redio kuukuu kuliko zote mlizonazo, sikiliza wimbo wa kwanza na wa mwisho. Ikiruka, punguza spidi. Ikiruka tena, badilisha aina ya CD tupu, maana kila draivu ina CD inazozipenda na inazozikataa. Ikikubali, nunua boksi la aina hiyo hiyo na uchome zilizobaki kwa mipangilio ile ile.