Ule wimbo wa Belle kwenye The Muppet Christmas Carol umekwenda wapi?

MamaPacha:
Nisaidieni, kuna ubishi nyumbani. Utotoni tulikuwa na kaseti ya filamu hii ya vikaragosi, ile ya Scrooge, tajiri bahili anayerudishwa na mzimu kuona maisha yake ya zamani, tukaitazama mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Nakumbuka kabisa Belle, mchumba wake, akimwimbia Scrooge kijana wimbo wa kuachana, na Scrooge mzee kasimama nyuma, anaudakia mwishoni huku machozi yakimlengalenga. Jana nimewawekea wanangu kwenye Disney+, ile huduma ya filamu mtandaoni. Belle kasema maneno mawili matatu, kaondoka, mara panya Rizzo analia kwa kwikwi. Binti yangu kauliza, "Huyu analilia nini?" Nikakosa jibu. Mume wangu anasema wimbo huo nimeuota.

Mkongwe_wa_Kaseti:
Hujaota, dada. Unaitwa "When Love Is Gone", na anayemcheza Belle ni Meredith Braun. Filamu ilipokuwa inatoka 1992, Jeffrey Katzenberg, bosi wa studio za Disney wakati huo, aliona watoto watauchoka, ukakatwa kwenye toleo la majumba ya sinema. Kwenye kaseti ukabaki, ndiyo maana unao kichwani. Baadaye mkanda asilia wa kipande hicho ukapotea, ukaja kupatikana 2020. Tangu Desemba 2022 toleo kamili limo humo humo Disney+, ila wameliweka kwenye sehemu ya nyongeza. Ukibonyeza tu kuanza filamu, unapewa lile fupi.

BabaWatatu:
Mimi namtetea Katzenberg. Wangu watatu walitulia tuli mbele ya mizimu, lakini Belle alipofungua kinywa, wawili wakaanza kupigana mateke. Wimbo wa mapenzi yaliyokufa, hakuna hata kikaragosi mmoja anayeimba, mtoto wa miaka mitano ashike nini?

Mkongwe_wa_Kaseti:
Mkuu, kwa mtoto sawa. Lakini wimbo wa kufungia filamu umejengwa juu ya muziki uleule, safari hii mapenzi yamepatikana. Ukikata wa kwanza, wa mwisho unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Paul Williams aliyetunga nyimbo zote hakuziokota tu barabarani. Na hata baada ya kukata, Marekani filamu iliingiza kama dola milioni 27 tu, maana ilikutana na filamu nyingine kubwa, Home Alone 2 na Aladdin. Mapenzi ya watu yamekuja polepole, kwa kaseti na televisheni.

FundiVikaragosi:
Naongeza kidogo kwa jicho la kazi. Brian Henson alikuwa anaongoza filamu yake ya kwanza, baba yake Jim, mwanzilishi wa vikaragosi vya Muppets, kafariki 1990, na chura Kermit alikuwa mikononi mwa Steve Whitmire. Wachezeshaji wanakaa chini ya usawa wa sakafu, mikono juu, kwa hiyo sakafu iling'olewa na Michael Caine, anayecheza Scrooge, akawa anatembea juu ya mbao nyembamba katikati ya mashimo. Mtazameni tena: hatazami miguu hata mara moja, na anazungumza na chura kana kwamba ni karani wake kweli. Akikonyeza kamera mara moja tu, filamu imekwisha.

MamaPacha:
Nimelipata, asanteni sana. Tumetazama usiku huu. Pacha mmoja kalia, mwenzake kaenda kunywa maji wimbo ulipoanza, karudi ulipokwisha. Mume wangu sasa anadai alikuwa ananitania.