Naomba ushauri: mkusanyiko wa sanaa ya kisasa niliourithi

Ndugu zangu, marehemu baba aliniachia michoro na sanamu za wasanii wa kisasa, nami sitaki zitawanyike; nafikiria kuzikabidhi zote kwa makumbusho. Nawakumbuka Herbert na Dorothy Vogel wa New York, karani wa posta na mkutubi, walionunua kazi za sanaa kwa mshahara wa mume huku wakiishi kwa ule wa mke, na ambao mkusanyiko wao ulianza kuhamia makumbusho ya sanaa ya National Gallery of Art ya Washington mwanzoni mwa miaka ya 1990. Moyo ule naupenda mno. Hofu yangu ni kwamba kazi kadhaa hazina stakabadhi za ununuzi, na michoro ya karatasi imeanza kufifia kwa mwanga. Je, nimtafute kwanza mthamini au mtaalamu wa uhifadhi? Na mkataba uwe na masharti gani ili makumbusho yasiziuze baadaye?