Kwa Wamormoni na wengine: nikiuliza "kwa nini" kanisani, nimekosa utii?

MkulimaChai_Tukuyu

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa Tukuyu, kwetu tunalima chai. Shamba alilianzisha babu, na mpaka leo mama anachuma majani na kuyapeleka kituoni gari la kiwanda lije kukusanya. Nilikwenda kusoma Dar, huko nikakutana na wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi mnatuita Wamormoni. Nikabatizwa. Sijutii, nasema mapema msije mkaanza kunihamisha kanisa.

Mnajua sisi hatunywi chai wala kahawa. Nikienda nyumbani mama ananichemshia mchaichai, alishazoea, hilo halina ugomvi. Ugomvi ulianza siku niliyouliza darasani, kwa nia njema kabisa: kama kunywa hairuhusiwi, mimi ninayelima na kuuza nimekaaje? Fungu la kumi langu linatoka kwenye majani hayohayo. Mwalimu akajibu, "Ndugu, utii kwanza, maelezo baadaye." Darasa zima kimya. Tukitoka, dada mmoja akanivuta pembeni, akanishauri nifunge na kuomba maana roho ya mashaka imeshaniingia. Kwa swali moja tu!

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kujikagua. Nina daftari: siku ambayo sikusoma maandiko, siku niliyomfokea mdogo wangu, sala niliyosali huku nasinzia. Nilipewa wito (kwetu ni kazi ya kujitolea kanisani) wa ukarani, ukaongezwa wa kufundisha vijana, nikakubali yote kwa sababu nimekuta watu wakisema wito haukataliwi. Sasa nimehamia Mbeya kikazi, nikadhani nikiwa mbali nitapumua. Wapi! Daftari limekuja nami, na ule wa vijana naufanya kwa simu kila Jumapili jioni. Nataka kwenda hekalu la Nairobi, lile lililowekwa wakfu 2025, lakini nikifikiria mahojiano ya kibali cha kuingia humo tumbo linakata. Na sina dhambi ninayoficha.

Naomba kujua: haya ni mafundisho ya kanisa, au ni mazoea yetu tu?

BibiWaRungwe

Mwanangu, mimi ni Mmoraviani, wazee wetu walipokea Injili tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo mambo ya Nairobi siyajui. Nauliza moja. Hilo daftari anasoma nani? Kama ni Mungu, hana haja uandike. Kama ni wewe, mbona hakuna ukurasa wa mema? Humo hujaandika kwamba unamtumia mama yako hela ya mbolea, na nina hakika unatuma.

Halafu ulale. Watu wa Mbeya mjini hamlali.

SimameImara

Ndugu, utii ni sheria ya kwanza ya mbinguni. Nefi, nabii wa Kitabu cha Mormoni, aliambiwa akafuate mabamba ya shaba yenye maandiko, hakuitisha kikao, alikwenda. Ukianza na "kwa nini chai", kesho ni "kwa nini fungu la kumi". Nimeona wengi wakipotea hivyohivyo. Nakuombea.

MzeeMakambako

SimameImara, Nefi huyohuyo, kabla hajatumwa, alimlilia Bwana kwanza ayajue mwenyewe maneno ya baba yake. Isome tena.

Kijana, mimi ni muumini wa siku nyingi, nilibatizwa Nairobi nikiwa fundi magari. Hiyo sheria ya chai unajua ilitokana na nini? Kirtland, Ohio, mwaka 1833. Wanaume walikuwa wakikutana chumbani kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, wanavuta na kutema tumbaku sakafuni, na mke wake Emma ndiye wa kusafisha. Brigham Young, aliyeongoza kanisa baada yake, alisimulia kwamba malalamiko ya Emma yalichangia Joseph kwenda kumuuliza Mungu. Likaja Neno la Hekima, ndiyo hiyo sheria yetu ya vinywaji na tumbaku. Ukifungua Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha maandiko, sehemu ya 89, aya ya 2, inasema halikutolewa kwa amri wala kwa kulazimisha. Kuwa sharti la kibali cha hekaluni kulikuja baadaye, mwaka 1921. Kuhusu kulima na kuuza, sehemu hiyo inasema tumbaku, pombe na vinywaji vya moto (kanisa linasema ni chai na kahawa) visiingie mwilini mwako, shambani haikuingia. Hapo amua wewe na dhamiri yako.

Juni 1945 gazeti la kanisa lilichapa ujumbe kwamba viongozi wakishasema, kufikiri kumekwisha. Mchungaji mmoja wa Salt Lake City, wa dhehebu lingine, akamwandikia Rais wa kanisa, George Albert Smith. Desemba mwaka huohuo Rais akamjibu kwamba huo si msimamo wa kanisa. Hayo ya "maelezo baadaye" ni mabaki ya gazeti lile.

Na sisi weusi ndio wa mwisho kuogopa maswali. Tangu 1852 mwanamume mweusi alizuiwa ukuhani. Waumini wengi waliambiwa sababu hii na ile, wakatii, wakafundisha watoto. Spencer W. Kimball, Rais wa kanisa wakati huo, hakuridhika, akarudi hekaluni kuomba tena na tena, na Juni 1978 zuio likaondolewa. Mwaka 2013 kanisa lenyewe likazikana zile sababu. Kimball angesema tu "utii kwanza", mimi na wewe tusingekuwa na ukuhani.

Kuhusu tumbo lako: Oktoba 2017 Jeffrey R. Holland, mmoja wa mitume wa kanisa, alihubiri juu ya Mathayo 5:48, ule mstari wa kuwa wakamilifu ambao najua umeuandika jalada la ndani la daftari. Alionya watu wasijipige kwa mstari huo, akataja hata vidonda vya tumbo.

MkulimaChai_Tukuyu

Mzee shikamoo. Umejuaje jalada la ndani? Aya ya 2 nimeifungua sasa hivi, ipo kweli. Bibi, ndaga fijo, na mbolea natuma.

Nataka kuachia ule wito wa vijana. Nimeandika meseji kwa kiongozi, imefika kurasa tatu. Nitume?

MzeeMakambako

Marahaba. Usitume. Mpigie mchana akiwa ameshakula, mwambie umechoka, taja na mtu anayeweza kukupokea. Kurasa tatu ataita washauri wake wazisome.