Mkimbizano upi ni kiboko: Bullitt, The French Connection, Duel au The Fugitive?

KijanaWaIpagala

Wakuu, habari za jioni.

Kikundi chetu hapa Ipagala, Dodoma, huangalia filamu ukutani kwa projekta kila mwisho wa mwezi, na safari hii zamu ya kuchagua ni yangu. Nataka filamu ya kukimbizana, tena ya zile zilizowafundisha wengine kazi. Nimebaki na nne: Bullitt ya 1968, The French Connection ya 1971, Duel ya mwaka huohuo wa 1971, na The Fugitive ya 1993. Watazamaji ni vijana wa bodaboda, wanachuo wa UDOM, akina mama wa jirani, na watoto ambao huwezi kuwafukuza. Wengi Kiingereza hawakifuati kwa kasi ya filamu, na sitaki toleo lililotiwa sauti ya msimuliaji.

Kipimo changu ni hiki. Muvi nyingi za siku hizi magari yanagongana hadi mtu unatoka hujui nani alikuwa mbele, nani nyuma. Kwangu mkimbizano mzuri ni ule ambao muda wote unajua pengo lililobaki kati ya anayekimbia na anayemkimbiza, na unajua kila mmoja atapoteza nini pengo hilo likiisha. Magari kuvunjika ni nyongeza tu. Kwa kipimo hicho, ipi inashinda? Leteni hoja, majina matupu hayanisaidii.

Fundi wa Majengo

Bullitt, mkuu, na nitakueleza kwa nini.

Watu wanaisifia kwa sababu ya Mustang ya kijani inayoruka kwenye vilima vya San Francisco. Ni kweli inaruka, lakini uzuri wake unaanza kabla hata hawajakanyaga mafuta. Wauaji wawili wako kwenye Dodge Charger nyeusi, wanamfuata Steve McQueen, anayecheza askari Bullitt ndani ya ile Mustang, taratibu tu mjini. Mara anawapotea. Wanazungusha macho, hawamwoni. Halafu dereva anatazama kioo cha nyuma, na Mustang inaibuka ndani ya kile kioo. Aliyekuwa anawinda sasa anawindwa, na hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Kinachofuata ni kitu kidogo sana: yule dereva wa Charger anafunga mkanda. Basi. Hapo ndipo unajua kinachokuja si mchezo. Muziki wa Lalo Schifrin unanyamaza na kinachobaki ni injini, gia na tairi kwa karibu dakika kumi na moja. Mimi ni mtu wa gereji, nikisikia mtu anavyoshusha gia najua kama ana hasira au ana woga, na ile filamu inanipa yote hayo bila neno. Mhariri wake, Frank P. Keller, alipata Oscar kwa kazi ile, na alistahili.

Binti Kondoa

Kaka Fundi, nakubaliana nawe kuhusu kioo na mkanda. Ila mleta mada ameuliza kuhusu pengo, na hapo Bullitt ina doa. Kuna Volkswagen ya kijani, kobe, wanaipita mara ya kwanza, halafu wanaipita tena, na tena. Ni tukio lilelile limepigwa na kamera kadhaa, likaunganishwa kama matukio tofauti. Charger nayo inadondosha vifuniko vya magurudumu kuliko magurudumu iliyonayo. Ukishayaona hayo, hujui tena wako mtaa gani.

Chaguo langu ni The French Connection. Muuaji yuko ndani ya treni inayopita juu ya daraja refu la chuma huko Brooklyn, na askari Doyle, yaani Gene Hackman, yuko chini na gari la kunyang'anya, anakimbia katikati ya nguzo za daraja hilohilo. William Friedkin hakuhitaji kutueleza nani yuko wapi. Mmoja juu, mwingine chini, njia ni moja. Treni ikikaribia kituo, na sisi tumbo linakaza, maana kituo ndipo muuaji anaweza kushuka. Kipimo chako cha pengo, mleta mada, kimejibiwa na reli yenyewe.

Tena kila upande una hatari yake. Kule juu dereva wa treni ameshikiwa bastola, na moyo unamshinda akiwa kwenye usukani. Huku chini mama anavuka na kigari cha mtoto mbele ya Doyle. Kumbuka mkimbizano wote ulianza pale risasi iliyomlenga Doyle ilipompata mama mwingine mwenye kigari cha mtoto. Hasira ya kifo kile ndiyo inayomfanya ahatarishe mtoto wa mwingine. Hilo ndilo linalonifanya niiweke juu: anayekimbiza anaharibika mbele ya macho yetu.

KijanaWaIpagala

Dada, umenigusa hapo. Lakini mwisho wake je? Stelingi anampiga mtu risasi ya mgongoni kwenye ngazi. Na wale akina mama na watoto niliowataja?

Binti Kondoa

Watoto wapelekwe kulala, wakubwa waachiwe waumie. Ule mwisho unauma kwa sababu tulikuwa tunamshangilia Doyle dakika zote zile, halafu inabidi tujiulize tulikuwa tunashangilia nini. Filamu ilichukua Oscar 5, ya filamu bora ikiwemo, na sidhani ingechukua kama angemfunga pingu tu.

Mzee wa Sekenke

Vijana wangu, hamjambo. Nimeendesha malori ya mizigo njia hii ya Dodoma, Singida hadi Nzega tangu barabara ikiwa vumbi mpaka ilipowekwa lami, sasa nimepumzika hapa Nkuhungu. Mwanangu ndiye aliyenionyesha Duel kwenye kompyuta yake, na naomba niseme neno.

Hadithi haina mambo mengi. Bwana mmoja, David Mann, mtu wa kutembeza biashara, yuko na gari dogo jekundu barabara za jangwani California. Anapita lori moja la tanki, kuukuu, chafu, linatoa moshi. Dereva wa tanki anakasirika, na kuanzia hapo anataka kumuua. Uso wa dereva huyo hatuuoni kamwe, mpaka filamu inaisha. Tunaona mkono ukimpa ishara apite, kumbe mbele kuna gari linakuja. Tunaona buti.

Aliyeitengeneza hiyo filamu alijua barabara. Lori lenye mzigo mlimani linakwenda pole, gari dogo linaliacha. Kwenye mteremko uzito unageuka kuwa mbio, na lori linakujia mgongoni kama ukuta. Mtu aliyezoea mlima wa Sekenke, kwenye njia ile ya Singida hadi Nzega, analijua hilo mwilini. Sasa angalieni wanavyolitumia. Mwanzoni kabisa Mann anasimama kujaza mafuta, na kijana wa kituo anamwambia mpira wa rejeta umechoka, abadilishe. Hakubadilisha. Filamu inakwenda, unasahau. Mwishoni yuko mlimani, ndipo penye nafuu yake, ndipo anapotakiwa kuliacha lile tanki, na ule mpira unapasuka. Gari linachemsha, mshale wa joto umepanda, mshale wa mwendo unashuka, na kwenye kioo tanki linakua. Mimi nilisimama. Mke wangu akauliza kuna nini, sikuweza kumjibu.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee. Umenifanya niitafute leo leo.

Mzee wa Sekenke

Marahaba mwanangu. Itafute, na usikubali mtu akusimulie mwisho.

Fundi wa Majengo

Mzee, shikamoo, na heshima yako. Nyongeza kwa faida ya wote: aliyekuwa ndani ya lile tanki, yaani dereva halisi, ni Carey Loftin, yuleyule aliyesimamia michezo ya hatari ya magari kwenye Bullitt. Na Bill Hickman, aliyefunga mkanda ndani ya Charger, ndiye huyohuyo aliyeendesha sehemu nzito za mkimbizano wa The French Connection. Mtayarishaji Philip D'Antoni naye anasimama nyuma ya zote mbili, Bullitt na The French Connection. Kwa hiyo mambo haya tunayoyalinganisha kama timu pinzani yalitoka kwa watu wachache waliokuwa wanafahamiana na kujipima upya kila mara.

Nesi wa Zamu

Nami niingie na The Fugitive kabla haijasahaulika, maana naona mnaongelea injini tu.

Daktari Kimble amehukumiwa kwa kumuua mkewe, hakumuua, basi la wafungwa linapata ajali na treni, anatoroka. Hiyo treni, kwa wanaopenda vyuma, ilikuwa treni ya kweli iliyogongeshwa kweli huko North Carolina. Lakini mimi nataka kuwapeleka hospitalini. Kimble ameingia hospitali ya Chicago akiwa amevaa kama mfanyakazi wa usafi, anatafuta kumbukumbu za mtu mwenye mkono wa bandia. Majeruhi wanaletwa wengi kwa mpigo, korido imejaa vitanda. Anaambiwa asukume kitanda cha mtoto mmoja. Anatazama picha ya eksirei, anasoma cheti, anaona mtoto ameandikiwa visivyo. Polisi wa nchi nzima wanamsaka. Akili inamwambia pita. Anabadilisha maandishi kwa kalamu na kumpeleka mtoto chumba cha upasuaji.

Nimefanya kazi zamu za usiku za namna hiyo, korido ya namna hiyo. Najua ilivyo rahisi kupita. Kwangu ule ni mkimbizano kuliko magari yote, kwa sababu anajiongezea hatari kwa hiari yake. Na faida yake inaonekana baadaye. Gerard, yule afisa anayemsaka, aliyecheza Tommy Lee Jones na kupata Oscar, anafika pale, anauliza mtoto anaendeleaje, anaambiwa yule mtu amemwokoa. Mwanzoni Kimble alipomwambia kwamba hakumuua mkewe, Gerard alimjibu kwamba hilo halimhusu. Kuanzia hospitalini linaanza kumhusu, ingawa bado anamkimbiza vilevile. Kwenye hizo nyingine tatu hakuna anayekimbiza akaanza kumwelewa anayemkimbiza.

KijanaWaIpagala

Dada Nesi, hoja nzito hiyo. Tatizo langu ni maneno. The Fugitive ina mazungumzo mengi, na ukikosa mazungumzo umekosa nusu ya filamu.

Mwanachuo_Ng'ong'ona

Mbona hamjataja Mad Max: Fury Road ya 2015? Jangwa lile ni la Namibia, Afrika hii hii. George Miller alihakikisha kinachotakiwa kuonekana kiko katikati ya picha, ili hata picha zikibadilika upesi jicho lisihangaike kutafuta. Mhariri Margaret Sixel akabeba Oscar. Filamu nzima ni kwenda na kurudi kwa njia moja.

Binti Kondoa

Nzuri sana, na hilo la katikati ya picha ndilo linaloiokoa. Ila mleta mada anataka zilizotangulia.

MamaTupa

Samahani wakubwa, mimi ni mmoja wa wale akina mama wa jirani mnaowataja, Ipagala hapohapo. Sisi tulizoea kibanda umiza, ambako msimuliaji anatuambia kila kitu: sasa anakuja, sasa anaogopa, huyu ni adui. Nilipenda na bado napenda. Ila kwa filamu ya kukimbizana naona anatuibia. Ukiambiwa anakuja, huogopi tena, unangoja tu afike. Kama mzee anavyosema kuna filamu ambayo mtu yuko peke yake na gari lake na lori nyuma, hiyo nitaielewa bila msimuliaji na bila Kiingereza. Hofu ya lori nyuma yako nani haijui? Panda basi hapa hadi Morogoro uone.

Mzee wa Sekenke

Mama umemaliza. Tena kuna sehemu moja ya mgahawa. Mann ameingia kupumzika, anatoka kunawa, anaona lile tanki limeegeshwa nje. Dereva yumo humo ndani, kati ya wanaume wanaokula. Anaanza kutazama buti zao, mmoja mmoja. Hakuna gari linalokwenda hapo, kila mtu amekaa na sahani yake, na bado ni mkimbizano. Mimi nimekula kwenye migahawa ya barabarani maisha yangu yote, Manyoni, Singida, Igunga, na najua kila dereva pale humsoma mwenzake kwa macho. Kijana aliyetengeneza filamu ile, Steven Spielberg, alikuwa na miaka 24. Alijuaje?

Fundi wa Majengo

Mzee, naikubali Duel kwa kikundi cha Ipagala. Bullitt naibakiza moyoni. Sauti ile ya Mustang ikishuka mlima sitaiacha kwa hoja ya vifuniko vya magurudumu.

KijanaWaIpagala

Nimesoma yote mara mbili. Naenda na Duel. Ndiyo ambayo pengo linaonekana kwa macho tu, kwenye kioo cha gari na kwenye mshale wa joto, na kila mtu ukutani pale atajua nini kitapotea. The French Connection tutaiweka siku ya wakubwa, Binti Kondoa uje uongoze maongezi baada yake, maana ile ya risasi ya mgongoni bado sijakubaliana na wewe. The Fugitive nitaitafutia maandishi ya Kiswahili chini ya kioo. Dada Nesi, ukiwa na muda tuyaandike pamoja, hasa ile sehemu ya hospitali, uhakikishe maneno ya kitabibu yako sawa.

Jambo la mwisho la kiufundi: projekta iko, spika yetu ni moja na ndogo.

Nesi wa Zamu

Nipo. Nitumie ujumbe, natoka zamu Alhamisi asubuhi.

Fundi wa Majengo

Spika moja haitoshi kwa Duel, sauti ya lile tanki ndiyo nusu ya adui. Nina mbili kubwa gereji, nitazileta. Moja tuiweke mbele chini ya ukuta, nyingine nyuma ya watu, na ya nyuma ndiyo tuipandishe zaidi.