Timu yangu haifungi na haifungiki: nimtoe beki apande mbele?

Kocha_Vitongoji

Assalam alaykum wana jukwaa. Mie nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Vitongoji, Pemba. Nyuma hatupitiki, mbele hatupiti. Mechi zetu nyingi msimu huu ni bila kwa bila, na tulizofungwa tumefungwa kimoja. Wazee wa timu wamenikaba koo, wanataka nimtoe beki wangu wa kati, kijana mrefu, ana mwili, anausoma mpira kabla haujafika, apande akawe mshambuliaji. Wanasema mwenye nguvu apelekwe kunako njaa.

Juzi mpwa wangu kanionyesha video ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Inasimuliwa habari ya Baltimore Ravens, msimu wa 2000. Ati walikaa mechi 5 mfululizo hawajapata tachidauni, lile bao lao kubwa, hata moja, na msimu ule ule wakawa mabingwa! Nimeirejea video mara ya pili na bado sijaelewa. Anayeujua ule mchezo anieleze waliwezaje, na kama kuna la kuchukua kwa timu kama yangu. Wazee nakutana nao Ijumaa baada ya sala.

Mtoto_wa_Malindi

Kocha, usiende mbali. Mlandege walichukua Kombe la Mapinduzi 2024 kwa kumfunga Simba bao 1-0 pale Amaan. Bao moja tu, na nyuma wakafunga mlango. Beki wako muache alipo.

Ila Marekani na sisi mchezo mbalimbali. Kule hakuna sare za kila wiki kama zetu. Wewe ukilinda dakika 90 bila kufunga unaondoka na pointi 1, na kwa pointi moja moja hupandi ligi. Wazee nao wana haki ya kuuliza.

Mpishi_Mkunazini

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Msimu ule nilikuwa Baltimore, nafanya kazi jikoni katika hoteli karibu na bandari. Mpishi mwenzangu, mzee mwenyeji wa mji ule, ndiye aliyenifundisha mchezo usiku tukimaliza kazi. Mji wao ulikuwa na timu kubwa, Colts, na 1984 mwenye timu aliihamishia Indianapolis usiku, kwa malori. Yule mzee alikuwa hataki hata kulitaja jina lake. Ravens walikuja 1996, kwa hiyo 2000 ilikuwa ni msimu wao wa tano tu. Naipenda ile timu kuliko timu yoyote niliyopata kuiona, ya mchezo wowote, kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza kanuni, bila ya hizi hutaelewa. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, kiasi cha mita 9. Ikifika inapewa mengine 4. Isipofika, mpira ni wa wenzao hapo hapo ulipo. Ndiyo maana jaribio la 4 wengi hupiga teke mpira uende mbali, ili wapinzani waanzie nyuma kwao. Ukiingia eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza 1. Ukikaribia lakini ukakwama, mpigaji anaupitisha baina ya milingoti, pointi 3. Halafu shika hili: wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti. Mpira ukibadilisha mwenyewe, 11 wanatoka, 11 wengine wanaingia. Washambuliaji wakikwama haraka, walinzi wanarudishwa uwanjani hawajawahi hata kuvuta pumzi.

Sasa Oktoba ya 2000. Cleveland, wameshinda 12-0. Jacksonville, wameshinda 15-10. Washington, wamefungwa 10-3. Tennessee, wamefungwa 14-6. Pittsburgh, wamefungwa 9-6. Jumlisha utaona pointi 42, na zote zimetoka mguuni kwa mtu mmoja, mpigaji Matt Stover, mateke 14 ya pointi 3. Hakuna mwengine aliyefunga chochote mwezi mzima. Na walinzi, pamoja na kuchoka kwote kule, katika mechi hizo 5 waliachia pointi 43. Timu nyingi za ligi ile huachia kiasi hicho kwa mechi 2.

Kocha wao, Brian Billick, jina lake alilipata kwa kushambulia. 1998 alikuwa msimamizi wa washambuliaji wa Minnesota Vikings, na mwaka ule walifunga pointi 556, rekodi ya ligi kwa wakati huo. Baltimore walimchukua mwaka uliofuata. Mtu wa namna hiyo, timu yake mwezi mzima haipati njia ya mbele, mji mzima unamtazama. Watu kama wazee wako hawakosekani mji wowote, kocha, na jikoni kwetu walikuwepo.

Hakumgusa mlinzi hata mmoja. Alimtoa kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuamua pasi, Tony Banks, akamweka Trent Dilfer. Na kazi aliyompa Dilfer ilikuwa nyembamba: usiupoteze mpira. Mpe Jamal Lewis akimbie nao. Ikishindikana, upigeni mbali, walinzi watamaliza. Kwa kocha aliyezoea pointi 556, kukubali kushinda kwa namna hiyo ni jambo kubwa, na mie namheshimu kwa hilo kuliko kwa kombe lenyewe.

Walinzi wenyewe sasa. Mbele katikati waliwekwa Tony Siragusa na Sam Adams, kila mmoja kiasi cha kilo 150. Kazi yao haikuwa kukamata mtu. Kazi yao ilikuwa kusimama, kila mmoja azuiwe na watu 2, ili nyuma yao Ray Lewis asiguswe na yeyote. Lewis akawa huru, anaona mpira unakwenda wapi, anafika pamoja nao. Nyuma kabisa alikuwapo Rod Woodson, mkongwe, akiwapanga vijana pembeni. Msimamizi wao alikuwa Marvin Lewis. Katika mechi 16 za msimu waliachia pointi 165, rekodi kwa msimu wa mechi 16, na mechi 4 mpinzani alitoka na sifuri. Kwa kukimbia na mpira, wapinzani wote wa msimu mzima walipata yadi 970. Jamal Lewis, kijana wa mwaka wake wa kwanza, peke yake alipata 1,364.

Sasa utaniuliza pointi zilitoka wapi. Zilitoka kwenye ardhi. Mpinzani akikwama ndani kwake, anapiga mpira mbali akiwa nyuma kabisa, na wewe unaupokea karibu na katikati. Hapo huhitaji ufundi mkubwa. Sogea yadi 20, Stover anapiga, pointi 3. Msimu ule alipiga mateke 35 ya aina hiyo yakaingia. Juu ya hapo walinzi walipokonya mipira 49. Kwa hiyo washambuliaji walikuwa wanaanzia mahali ambapo hata mtu dhaifu anafika.

Baada ya kufungwa na Pittsburgh hawakufungwa tena. Mechi 7 za msimu, kisha 4 za mtoano. Denver 21-3. Tennessee 24-10, na mechi hiyo ndiyo iliyonifanya nisahau sufuria jikoni. Wapo 10-10, robo ya mwisho, Tennessee wanapiga teke la pointi 3, linazuiwa, Anthony Mitchell anaudaka na kukimbia yadi 90 mpaka mwisho. Bado watu hawajakaa, Ray Lewis anaunyang'anya mpira mikononi mwa Eddie George wa Tennessee na kwenda kufunga. Tachidauni 2 za ushindi, na washambuliaji wamekaa benchi! Kisha Oakland 16-3.

Fainali, Super Bowl, ikachezwa Tampa tarehe 28 Januari 2001, na New York Giants. Nyumbani Unguja ilikuwa saa 8 na nusu usiku. Ravens 34, Giants 7, na hizo 7 za Giants hazikufungwa mbele ya walinzi: Ron Dixon aliudaka mpira wa kuanzia na kukimbia nao yadi 97, na Jermaine Lewis akamjibu kwa namna hiyo hiyo hapo hapo. Kwotabeki wa Giants alinyakwa pasi 4. Mchezaji bora wa mechi akawa Ray Lewis, mlinzi.

Sasa kwako, kocha. Beki wako usimtoe. Ukimtoa unavunja kitu kimoja kizima ulichonacho ili upate nusu ya kitu. Ila usimsikilize anayekwambia ulinzi peke yake unatosha. Ravens bila ya Stover, Oktoba ile wangefungwa 4 na kubaki sifuri kwa sifuri na Cleveland. Wewe tafuta Stover wako. Katika mpira wetu, Stover ni mipira ya kutenga: kona, faulo za pembeni, hata mpira wa kurusha mrefu. Tazama vijana wako nani ana mguu wa kutulia, mpe mipira kila jioni wenzake wakishaondoka. Na beki wako mrefu apande kwenye kona, kisha arudi kwake. Hapo wazee watakuwa wamempata mbele, na wewe hujampoteza nyuma.

Dada_wa_Chwaka

Nimesoma yote kaka Mpishi, ahsante. Lakini nina hoja. Mie nawapenda Chicago Bears wa 1985, na wale ndio ninaoona mfano bora. Waliachia 198, wakashinda 15 na kufungwa 1, na mechi 2 za mtoano kabla ya fainali wapinzani walitoka na sifuri: Giants 21-0, Rams 24-0. Fainali wakawapiga Patriots 46-10. Mpangilio wa Buddy Ryan, msimamizi wa walinzi wao, ulikuwa wa kumwendea kwotabeki kwa watu wengi kuliko anaoweza kuwazuia, hapati nafasi ya kufikiri.

Lakini Bears walifunga pointi 456. Walikuwa na Walter Payton, mkimbiaji wao hodari. Kaka, Ravens walifunga ngapi? Kocha asije akaambiwa mbele pasitengenezwe kabisa. Timu ya watoto wa miaka 16, wasipofunga wanakata tamaa, hata mazoezini hawaji.

Mpishi_Mkunazini

Dada, Ravens walifunga 333. Wako walikuwa timu kamili, sikatai, na kwa uwezo wao nami ningechagua Bears nikipewa nafasi. Lakini kocha hakupewa nafasi ya kuchagua. Ana mabeki, hana Payton. Ndiyo sababu nikampa mfano wa waliokuwa na njaa kama yeye.

Hilo la watoto kukata tamaa umesema kweli na sikulifikiria vya kutosha. Kocha, mabeki wako wasije wakawanung'unikia washambuliaji mbele yako. Hilo likianza, timu imekwisha, hata kama hamfungwi.

Kocha_Vitongoji

Wallahi nimefaidika. Kuna kijana wangu wa mguu wa kushoto, mdogo wa umbo, namweka benchi kwa sababu anasukumwa kirahisi. Faulo zake ndizo nzuri kuliko za wote. Nilikuwa naona haitoshi kumpa nafasi kwa hilo tu. Jumamosi anaanza.

Nina maswali 2, Mzee Mpishi. Mie sina wa kilo 150. Wale wawili wa katikati nitawapata wapi? Na yule Dilfer, baada ya kombe alifanywa nini? Maana nikiwaeleza wazee kisa hiki wataniuliza.

Mpishi_Mkunazini

Kilo huzihitaji. Unachohitaji ni viungo 2 mbele ya mabeki ambao watakubali kufanya kazi isiyoshangiliwa. Waambie hivi: kila mpinzani akija katikati, wewe mzuie njia, asigeuke, asikupite, hata kama mpira huupati. Beki wako mrefu ndiye atakayeupata. Na ukiupata wewe, usipige chenga, mpe wa pembeni au upeleke mbali kwenye kona yao, muanze kulinda kule kule. Hiyo ndiyo ardhi niliyokwambia. Timu inayoanza kulinda kwenye kona ya mpinzani inapata mipira ya kurusha na kona bila kutafuta.

Ama Dilfer, hilo linaniuma mpaka leo. Alianza mechi 12, pamoja na za mtoano, akashinda 11. Hawakumpa mkataba mwengine. Walimleta Elvis Grbac, kwa sababu walitaka mtu wa kurusha zaidi. Msimu wa 2001 wakashinda 10 na kufungwa 6, wakaingia mtoano, wakatolewa Pittsburgh 27-10, na Grbac akastaafu baada ya msimu ule mmoja. Walinzi karibu wote walikuwa wale wale. Wazee wako waeleze na hilo, kocha, usilifiche, kwa sababu wale wanaotaka kumtoa beki ndio wale wale watakaotaka kumtoa kijana wako wa mguu wa kushoto siku mtakayoshinda 1-0 na wao wakataka 3.